Herufi Moja Kwenye Oda ya Kuku

Kosa la kwanza lilikuwa la maziwa. Ilikuwa mwaka 2012, wiki yangu ya pili kazini katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, na mhudumu wa kifungua kinywa alikuwa hajafika. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akaniomba maziwa ya chai. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Sorry, the milk are finished." Mama wa watu akaelewa, akatabasamu, akanywa chai ya rangi. Lakini meneja alinisikia. Akaniita pembeni, akaniambia maneno mawili tu, "Milk is," akaenda zake.

Nilibaki nimesimama na birika mkononi, moyo umeniuma. Nilitoka Tanga na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya Kiingereza, na cheti hicho ndicho kilichonipatia kazi ya msaidizi wa stoo. Ilinichukua siku kadhaa kuona kosa lilikotoka. Kwetu maziwa yamekwisha, maji yamekwisha, mafuta yamekwisha. Hayana umoja. Tangu utotoni kichwa changu kimeyaweka kapu moja na mayai na maembe, na nilipoingia kwenye Kiingereza nikayabeba na ngeli yake. Kwa Mwingereza maziwa, maji na mafuta hayahesabiwi, hayana s, na kitenzi chake ni cha umoja: "milk is", "water is", "oil is".

Kwa kuwa halikunigharimu zaidi ya aibu, sikulitilia maanani. Laiti siku ile ningekaa chini nikajiuliza ni maneno gani mengine ya chakula nimeyabeba na ngeli zake, ningejiokolea fedha na machozi. Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaokuja kwenye hoteli na migahawa sasa hivi na vyeti kama changu. Darasani tulifundishwa umoja na wingi kwa kuongeza s mwishoni, tukapewa na orodha ya maneno machache yasiyofuata kanuni. Hakuna aliyetuingiza stoo akatuonyesha gunia la mchele na kreti ya nyanya, akatuuliza ipi kati ya hizo inahesabika.

Kosa la pili lilikuwa la menyu. Meneja alitaka menyu mpya kabla ya wageni wa Julai, akauliza nani anaweza kuandika Kiingereza. Nikanyosha mkono. Nilifanya kazi ile usiku mbili, kamusi mapajani, nikatafsiri kila chakula kwa uangalifu. Nakala 40 zikachapwa mjini na kuwekewa plastiki, shilingi 4,500 kila moja. Ukipiga hesabu ni 180,000. Ndani yake niliandika "Vegetables soup", "Mangoes juice", "Eggs curry" na "Octopuses curry".

Mgeni aliyenifungua macho alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Uingereza. Hakucheka. Aliomba kalamu, akaniketisha mezani kwake baada ya chakula cha mchana, akakata s moja baada ya nyingine. Akaniambia neno linalotangulia lingine kueleza ni supu ya aina gani, au juisi ya aina gani, huvuliwa wingi wake, hata kama umekamua maembe ya mti mzima. "Mango juice." "Egg curry." "Tomato soup." "Bean stew." "Vegetable soup." Lakini ukitaja mboga zenyewe kuwa ndizo chakula, s inarudi: "mixed vegetables".

Angalia tulivyo sisi. Tunasema juisi ya maembe, mchuzi wa mayai, supu ya mboga. Neno "ya" au "wa" linakaa katikati, na jina la pili linabaki na wingi wake kamili kwa sababu kweli maembe ni mengi. Mtu akihamisha maneno tu bila kuhamisha mpango wa maneno, lazima atoke na "mangoes juice". Hadi leo nikipita barabarani nikaona ubao wa mgahawa umeandikwa hivyo, najua kabisa kichwa cha aliyeandika kilikuwa kinawaza Kiswahili, na namhurumia kwa dhati.

Menyu zilichapwa upya. Meneja hakunikata mshahara safari hiyo, ila alilitaja jambo lile kwenye kikao cha asubuhi mbele ya wote, wapishi hadi watunza bustani. Sikula mchana ule. Kama wewe ndiye uliyepewa kazi ya menyu, chapisha nakala moja kwanza, mpe mtu anayeitumia lugha hiyo kila siku, mwombe asome kila mstari kwa sauti. Na wewe mwenyewe pitia kila chakula chenye maneno mawili, uguse lile la mbele kwa kidole: lina s? Kwa nini?

Halafu ikaja karafuu. Hii naikumbuka hata harufu yake.

Tulikuwa na shefu wa muda, Mwingereza, aliyekuja kutufundisha vyakula vya wageni kwa miezi mitatu. Siku moja alikwenda mjini akaacha karatasi jikoni ya sosi ya nyanya. Iliandikwa vitunguu vinne, nyanya kilo mbili, kisha mstari huu: "Cloves, 8, crushed." Mpishi wa zamu alinipa nimsomee. Sasa fikiria, uko Unguja. Msimu ukifika unapita barabarani unakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu inakufuata hadi nyumbani. Nani angefikiria kitu kingine? Nikasoma: karafuu nane, zipondwe. Tukazitwanga kwenye kinu, tukazitia kwenye sufuria la tungule, maana Zanzibar nyanya wanaiita tungule. Jiko lote likanukia kama dawa ya meno. Kijiko cha kwanza nilichoonja kilinifanya ulimi ufe ganzi.

Shefu aliporudi alionja, akanyamaza kidogo. Akachukua kichwa cha thomu, yaani kitunguu saumu, kwenye kapu, akakiweka juu ya ubao, akakikandamiza kwa kiganja. Chembe zikatawanyika. Akaokota moja, akanionyesha: "This is a clove." Nikamwuliza, na karafuu je? Akasema nayo ni "clove". Baadaye nilisoma kwamba ni maneno mawili yenye asili mbili yaliyokuja kufanana. La thomu lina mzizi wa Kiingereza cha kale wenye maana ya kupasua, na la karafuu lilitoka Kifaransa, kwenye neno la msumari, kwa sababu karafuu ina umbo la msumari. Thomu yenyewe, "garlic", haina wingi. Unahesabu vichwa vyake au chembe zake. Ukikuta "cloves" kwenye maelezo ya mapishi, tafuta neno "garlic" karibu yake, na lisipokuwepo uliza kabla ya kutwanga chochote. Ukiona "crushed" au "chopped", mara nyingi ni thomu. Ukiona "ground" au "whole" kwenye pilau, ni karafuu. Sosi ile ya kilo mbili ilimwagwa.

Hayo yote yalikuwa madogo mbele ya kuku.

Ilikuwa mwaka 2013, harusi ya watu 120 iliyopangwa Jumamosi mchana. Familia ya bwana harusi iliomba kuku wachomwe wakiwa wazima na wapangwe mezani hivyo hivyo. Msimamizi wangu alikuwa likizo, oda nikaandika mimi. Kwenye fomu ya muuzaji wetu wa Dar es Salaam, safu moja ilikuwa ya jina la bidhaa na nyingine ya kiasi. Nikaandika "Chicken", kisha 25.

Ijumaa saa nne asubuhi mzigo ulifika geti la nyuma. Dereva akashusha maboksi mawili na nusu, akanipa karatasi nisaini. Nilifungua boksi la juu nikakuta vidari na mapaja, vimegandishwa, vimepangwa kwenye mifuko ya nailoni. Kilo 25. Mikono ilinitetemeka. Nikampigia simu karani wa yule muuzaji, naye alinijibu kwa upole: "Dada yangu, ungewataka wazima ungeandika chickens. Hii chicken bila s kwetu ni nyama, tunapima kwa kilo." Boti ya mwendo kasi kutoka Dar inachukua kama saa mbili, lakini ya asubuhi ilishaondoka, na kuku wazima wa uzito tuliotaka hakuwa nao tayari.

Niliingia kwenye gari la hoteli hadi sokoni Darajani. Nilinunua kuku mmoja mmoja kwa wauzaji wanne tofauti, kwa bei ya mtu ambaye uso wake unaonyesha hana pa kwenda. Wakachinjwa na kunyonyolewa pale pale, nikarudi nao jioni. Harusi ilipita salama, wageni hawakujua kitu. Lakini hasara iliyoandikwa kwenye jina langu ilikuwa shilingi 140,000, nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nilikatwa kwa miezi miwili. Mama yangu Tanga alisubiri fedha ya dawa ikaja pungufu, nami nikamdanganya kwamba hoteli imechelewesha mishahara. Kumdanganya mama kuliniuma kuliko makato yenyewe.

Mtu aliyeninyanyua alikuwa mzee wetu wa stoo, ambaye wote tulimwita Babu. Ujanani alipika kwenye meli za mizigo, akajifunza Kiingereza kwa mabaharia, si kwa kitabu. Jumatatu alinikuta nyuma ya magunia ya mchele nimejiinamia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, twende jikoni."

Alitoa kuku mmoja mzima kwenye jokofu, akamlaza juu ya ubao. "Huyu ni nani kwa Kiingereza?"

"Chicken."

"Yuko mzima. Sema a chicken. Wakiwa wawili?"

"Two chickens."

Akachukua kisu. Akamkata mapaja, mbawa, kidari, taratibu, bila haraka yoyote, akasukuma vipande pamoja vikawa lundo. "Na sasa?"

Nikanyamaza.

"Chicken," akasema. "Hana a, hana s. Ameshakuwa nyama. Kisu kimepita."

Kisha akaleta nazi mbili. Zikiwa nzima, "two coconuts". Akakaa juu ya mbuzi, akakuna nusu ya kwanza, nazi nyeupe iliyokunwa ikajaa sinia. "Grated coconut," akasema, na s imekwenda. Vitunguu vitatu vizima ni "three onions", ila ukishavikatakata unaweza kusema "some chopped onion". Keki nzima mbili ni "two cakes", lakini mgeni akila kipande amekula "some cake". Sijawahi kufundishwa kitu kikaingia moja kwa moja kama siku ile.

Mimi nilikuwa najiuliza swali lisilo lenyewe. Nilikuwa nauliza wingi wa neno hili ni nini, kama mtu anayetafuta ngeli. Ngeli yetu haibadiliki kwa kisu: kuku akiwa mzima au vipande ni kuku, nazi ikiwa nzima au imekunwa ni nazi. Kiingereza kinataka kwanza ujue chakula kiko katika hali gani mbele yako. Kinahesabika kikiwa kama kilivyo, au kimeshakuwa lundo? Ukijibu hilo, s inajiweka yenyewe mara nyingi.

Mara nyingi, si zote, na hapa lazima niwe mkweli ili usije ukanilaumu. Mchele, "rice", hauna s kamwe, lakini maharage ni "beans", njegere ni "peas", dengu ni "lentils", hata yakiwa gunia zima. Babu alieleza kwamba harage moja unaliona kwa jicho na unalishika kwa vidole, ilhali punje ya mchele ni ndogo mno kuhangaika nayo. Maelezo yake yalinitosha kwa muda. Samaki ni rafiki yetu, maana wanafanya kama kwetu: "one fish, two fish". "Fishes" husikika zaidi mtu anapozungumzia aina za samaki. Kamba, wageni wa Uingereza huwaita "prawns" kwa s, na Wamarekani husema "shrimp", mara nyingi bila s hata wakiwa sahani nzima. Pweza wawili ni "two octopuses". Mgeni mmoja alinisisitizia niseme "octopi", lakini neno lile asili yake ni Kigiriki, na mwisho ule wa i ni wa Kilatini. Kwenye menyu halikusumbui, ni "octopus curry" tu. Viazi vya kuponda, Waingereza husema "mashed potato" na Wamarekani "mashed potatoes". Andika anavyosema mgeni unayempikia zaidi.

Tahajia nayo ina mitego. "Potato" na "tomato" zinaongeza es zikiwa nyingi, "avocado" inaongeza s peke yake, na "mango" inakubali zote mbili. Ile e huja na s tu, haiji peke yake. Mwaka 1992 Makamu wa Rais wa Marekani, Dan Quayle, alimwambia mwanafunzi shuleni Trenton, New Jersey, aongeze e mwishoni mwa "potato" moja aliyoiandika sawasawa ubaoni, na dunia nzima ikaandika habari ile. Nilipoisoma nilijisikia vizuri kidogo.

Kilichonituliza zaidi ni habari ya njegere. Zamani Waingereza walisema "pease", na ile sauti ya s ilikuwa sehemu ya neno lenyewe, si alama ya wingi. Masikio ya watu yakadanganyika, wakadhani ni nyingi, wakaikata s wapate moja, na hivyo ndivyo "pea" ilivyozaliwa. Sisi tumefanya vile vile. Kibao cha barabarani cha "keep left" kilitupa kipilefti, nasi tukasema vipilefti, kana kwamba ki- ile ilikuwa yetu tangu mwanzo. Basi wenye lugha wenyewe waliteleza kwenye sikio, wakasonga mbele na neno lao jipya. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nasikia kwa masikio niliyozaliwa nayo.

Tangu siku ya kuku sijaandika oda ya neno tupu na namba. Naandika namba, chombo au kipimo, "of", kisha chakula. "10 bags of rice." "12 loaves of bread", kwa sababu mikate 12 si "12 breads", "breads" ni aina za mikate. "6 heads of lettuce." "3 bunches of spinach." "20 trays of eggs", na hapa naomba uwe makini: ukiandika "20 eggs" utaletewa mayai 20, si trei 20 ulizozoea kuzitaja sokoni. Wingi unabebwa na chombo. Chakula chenyewe kinabaki na tabia yake, mayai na s yake, mchele bila. Na kuku naandika "25 whole chickens", na uzito wa kila mmoja pembeni. Neno "whole" lingenigharimu kalamu ya sekunde mbili.

Kama kazi yako ni ya mezani, jiandae kusikia mambo yanayovunja haya yote. Mgeni atasema "two coffees, please", au "three waters", au atakuambia "two sugars" akimaanisha vijiko viwili. Mwanzoni nilidhani wanakosea. Wanahesabu vikombe, chupa na vijiko bila kuvitaja. Wapokelee kwa maneno yao hayo hayo mezani, ila usiyapeleke kwenye fomu ya oda, kwa sababu muuzaji akisoma "5 sugars" hatajua kama ni kilo, paketi au magunia. Kwenye chipsi hakuna utata wa s, daima ni "chips", ila Mmarekani akiziomba anaweza kuwa anataka zile kavu za paketi. Mwulize kama anataka "fries".

Babu alistaafu, akarudi kwao Pemba. Alinipa daftari lake lenye jalada la plastiki lililoyeyuka kona moja kwa moto wa jiko. Kurasa zake zina safu mbili, upande mmoja vitu vizima na upande mwingine vilivyopitiwa na kisu, na maneno ameyaandika kama alivyoyasikia: "chikin", "onyeni". Nimeyasahihisha kwa penseli, sikuthubutu kuweka wino juu ya wino wake.

Sasa mimi ndiye mkuu wa stoo, mahali pengine, na vijana wanne wako chini yangu. Wakikosea oda hatuwakati mshahara kosa likiwa la kwanza. Nililipigania hilo kwa mwajiri wangu kabla sijakubali kazi. Kila anayeanza namkalisha jikoni asubuhi moja na kuku, nazi na kisu, kama nilivyokalishwa mimi. Kwenye mlango wa jokofu kubwa tumebandika karatasi ya maneno yenye s daima, na kila mmoja ana ruhusa ya kuongeza.

Juzi kijana mmoja kutoka Mtwara aliniuliza kwa nini "oats" ina s na "wheat" haina, na zote ni nafaka, zote punje ndogo. Nikamwambia kipimo cha Babu kinaishia hapo, ashike tu kama ilivyo. Akaiandika mlangoni chini ya "lentils" kwa wino mwekundu. Jana nilipofungua stoo nikakuta ameongeza jingine peke yake, bila kuniuliza, na lilikuwa sahihi: "noodles".